Jembe Halichimbi Peke Yake

Kuna sentensi moja ambayo nikiisikia kwenye mazungumzo ya historia ya pwani, nachoka kabla haijaisha: "Sasa sayansi imethibitisha." Ina dada yake pia, nayo sina hamu naye: "Aa, hiyo ni nadharia tu." Watu husema ya kwanza wakipenda majibu, na husema ya pili wakiyachukia. Swali lililoulizwa kabla ya majibu kupatikana, hakuna anayelitafuta.

Machi 2023 sentensi hizi mbili zilikutana uso kwa uso. Jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa hapa Afrika Mashariki, wengi wao katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania kati ya mwaka 1250 na 1800. Magrupu ya WhatsApp yakawaka. Kambi moja ikasema: si tuliwaambia, Waswahili ni Waajemi. Kambi ya pili ikajibu: wazungu wameanza tena. Mmoja akaandika tufunge vitabu sasa, mashine imesema. Mashine imesema! Kana kwamba iliamka asubuhi huko maabara, ikanywa chai, ikajiuliza Waswahili walitoka wapi.

Hoja yangu ni hii. Katika akiolojia hakuna sayansi isiyo na nadharia. Nadharia ndiyo huamua shimo lichimbwe wapi, kipi kiokotwe, kipi kitupwe, na mfupa wa nani ulinganishwe na wa nani. Anayekwambia yeye hana nadharia, ana data tupu, huyo anatumia nadharia ya mtu mwingine bila kujua. Na sisi vijana wa pwani, hasa wa huku bara ya Kilifi, tukiendelea kuicheka nadharia tutabaki kuwa wabeba karai kwenye mashimo yanayochimbwa kutafuta majibu ya maswali ya watu wengine.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Nadharia limetoka kwenye Kiarabu, kwenye mzizi wa kutazama. Lina undugu na nadhari, neno ambalo wazee wetu walilitumia kwa maana ya fikira na uangalifu. Kwa hivyo nadharia ni mtazamo: umesimama wapi na unaangalia upande gani. Mtu anaposema "hiyo ni nadharia tu", ni kama anasema "hayo ni macho tu". Sawa bana, fumba basi tuone utachimba nini.

Mimi ni wa Vitengeni. Nilisoma historia na akiolojia chuoni mihula michache, karo ikakatika, nikarudi nyumbani bila cheti. Sasa naishi kwa kuandika. Huko chuoni, ambacho sina haja ya kukitaja, nadharia ilifundishwa kama orodha ya wafu. Binford, 1962. Hodder, 1982. Kariri, andika kwenye mtihani, sahau. Halafu likizo inafika, "kazi yenyewe" inaanza: kupima, kuchekecha mchanga, kuosha vigae na kuviandika namba. Tukaondoka tukiamini kwamba nadharia ni maneno ya darasani na sayansi ni kile kinachofanyika ukiwa na kofia juani. Sijawahi kusikia mafunzo mabaya kuliko hayo.

Maana wale wawili walikuwa wanagombania kitu kinachotuhusu. Lewis Binford, Mmarekani, alichoshwa na akiolojia ya kuokota vitu na kuvipanga kwenye kabati. Alitaka watu waweke dhana mezani kwanza, kisha wachimbe ili kuipima, ikishindwa ishindwe. Huo ulikuwa wito wa kisayansi, na ulikuwa wito mzuri. Ian Hodder, Mwingereza, alikuja Kenya miaka ya 1970 akafanya kazi Baringo. Huko aliona kwamba hereni na michoro ya vibuyu haifuati hesabu rahisi. Watu waliokuwa wakikutana na kufanya biashara kila siku waliendelea kujitofautisha kwa vitu vyao, na ndani ya nyumba wanawake walikuwa na mambo yao ya kusema kupitia vibuyu, mambo ambayo wazee wa kiume hawakuyatawala. Akarudi kwao akisema kifaa si kipimajoto cha jamii, ni kauli, na kauli haisomwi kwa rula. Kwa hivyo sehemu ya mabishano makubwa kabisa ya akiolojia ya dunia, kati ya sayansi na maana, ilipata nguvu kwenye manyatta za Baringo. Sisi tulipewa jina na mwaka tu, tukariri.

Sasa tushuke Gedi, manake hapo ndipo nadharia ilipoandikwa hadi kwenye jalada la kitabu.

James Kirkman alianza kuchimba magofu ya Gedi mwaka 1948. Alifanya kazi kwa bidii, siwezi kumnyima hilo. Alisafisha msikiti mkuu, jumba la mfalme, nyumba na makaburi. Alivitumia vyombo vya China kukadiria tarehe za kuta, na mpangilio wake wa vyungu unatumiwa hadi leo. Vipimo vipo, michoro ipo. Kitabu chake cha 1954 kuhusu uchimbaji huo aliita mji wa Gedi mji wa Kiarabu, tangu kwenye kichwa cha kitabu. Mwaka 1964, katika kitabu kingine kuhusu watu na magofu ya pwani, alisema waziwazi kwamba majengo haya si ya Afrika bali ni ya Waarabu na Waajemi waliochanganya damu na Waafrika lakini utamaduni wao uko mbali kabisa na wa Waafrika waliowazunguka.

Aliyazuliaje hayo kutoka kwenye udongo? Hakuyatoa kwenye udongo. Alikuja nayo. Na kwa kuwa alikuja nayo, alichimba mawe. Gedi ina kuta mbili, ya ndani na ya nje. Ndani ya ukuta wa ndani ndimo zilimo nyumba nyingi za matumbawe na chokaa. Kati ya kuta hizo mbili waliishi watu wa nyumba za udongo na fito, na hao ndio walikuwa wengi. Nadharia inayosema ustaarabu ni jiwe itakupeleka kwenye jiwe. Utachimba vizuri, utapima vizuri, na utathibitisha ulichokuja nacho. Kosa halikuwa kwenye mizani. Lilikuwa kwenye miguu, pale ilipochagua kusimama.

Nieleze hili la udongo kwa mfano wa nyumbani, kwa sababu msomaji wa Nairobi huenda hajawahi kuona nyumba ikifa. Nyumba ya hawe wangu, yaani bibi, ilikuwa ya fito na udongo. Alipofariki haikukaliwa tena. Mvua mbili tatu, ukuta ukalala. Mchwa wakala nguzo. Leo ukipita unaona kichuguu kidogo na magugu. Lakini chini pale pana mambo. Kila nguzo iliyooza imeacha doa la mviringo, udongo wake umekoza rangi kuliko wa kando. Yapo mafiga na majivu. Zipo pande za udongo ulioungua zenye alama za fito na vidole. Vipo vigae, labda na ushanga mmoja uliodondoka. Nyumba nzima imo humo, ramani yake imo. Lakini ukija na sururu ukitafuta ukuta, utapita katikati ya sebule ya hawe na hutajua kama umepita. Utaandika kwenye ripoti yako: hapakuwa na kitu. Na ripoti itakuwa na vipimo sahihi hadi milimita.

Uchimbaji ni jaribio lisilorudiwa. Mkemia akikosea anamwaga, anaanza upya. Mwanaakiolojia akishachimba, tabaka limekwisha duniani. Kule Great Zimbabwe, Richard Hall aliyepewa kazi ya kutunza magofu mwaka 1902 alizoa na kutupa tabaka baada ya tabaka la maisha ya Waafrika, kwa sababu kwake ule ulikuwa uchafu uliofunika kazi ya wajenzi wa kweli kutoka nje. David Randall-MacIver mwaka 1905, kisha Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walisoma kilichobaki na kusema wajenzi ni Waafrika. Lakini kilichotupwa hakikurudi. Nadharia mbaya ikishika jembe haitoi majibu mabaya tu, inakula ushahidi ambao ungeishinda.

Na hapa ndipo naachana na wale wanaosema basi kila kitu ni maoni, kila mtu na ukweli wake. Hapana. Nadharia ikikubali kupigwa na udongo, hupigwa, na Shanga ilionyesha hivyo.

Shanga iko kisiwa cha Pate, kule Lamu. Mark Horton na wenzake walichimba pale miaka ya 1980. Nao walikuta msikiti wa mawe kama Kirkman. Tofauti ni swali. Hawakuuliza "nani alileta jiwe hili?" Waliuliza "kabla ya jiwe palikuwa na nini mahali hapahapa?" Wakashuka. Chini ya msikiti wa mawe wakakuta msikiti mwingine, na mwingine, hadi majengo madogo ya miti ya karne ya 8. Kwenye nyumba, hali kadhalika: miti na udongo kwanza, matumbawe baadaye, hatua kwa hatua, na vyungu vya kienyeji tangu tabaka la chini kabisa. Ile picha ya jahazi linalotia nanga na mji mzima wa Kiarabu ukiwa umekunjwa ndani kama hema ilishindwa, na ilishindwa kwa haki. Kama Shanga ingeanza na jiwe na vyombo vya kigeni vitupu, picha hiyo ingesimama. Ilipewa nafasi ya kushinda, ikaanguka. Hiyo ndiyo sayansi ninayoitaka. Lakini ona, isingewezekana bila mtu kubadilisha swali kwanza. Mwiko ni uleule wa fundi, chekeche ni lilelile.

Turudi sasa kwenye DNA, na hapa naomba kambi zote mbili zitulie.

Utafiti wa 2023 ulifanywa na timu kubwa, Chapurukha Kusimba, Mkenya mwenzetu aliyechimba pwani hii kwa miongo, akiwa mmoja wa viongozi wake pamoja na David Reich wa Harvard. Baadhi ya mifupa ilitoka Mtwapa, hapa hapa Kilifi. Matokeo ni mazito. Upande wa mama, karibu ukoo wote ni wa Kiafrika. Upande wa baba, sehemu kubwa imetoka Asia, na kabla ya mwaka 1500 hivi ilikuwa ya Kiajemi zaidi, baadaye ikawa ya Kiarabu zaidi. Kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000.

Kambi yangu, kambi ya wale wanaosema pwani ilijengwa na Waafrika, inapaswa kumeza hili bila kukunja uso. Kuanzia miaka ya 1980 wasomi wengi waliichukulia hadithi ya Washirazi kama namna ya kujipa heshima, isiyo na babu wa kweli nyuma yake. Kumbe mababu walikuwapo. Nadharia yetu ilipigwa kibao, na anayejibu kwa "hiyo ni nadharia tu" anakataa kibao ambacho Kirkman alipopigwa alishangilia.

Lakini kambi ya "mashine imesema" nayo ifungue masikio. Mifupa hiyo ilikuwa ya nani? Mingi ilitoka kwenye makaburi ya wenye nafasi katika miji ya mawe, waliozikwa karibu na misikiti. Mvuvi aliyeishi kwenye fito hakualikwa kwenye maabara, kama vile hakualikwa kwenye kitabu cha Kirkman. "Kiajemi" maana yake nini? Maana yake ni kwamba chembe za mfu zilifanana zaidi na za watu fulani waliokusanywa kama sampuli za kulinganishia, wakapewa jina hilo. Jina ni la binadamu. Chembe hazina lugha, hazina dini, hazijui mpaka wa nchi.

Na jambo kubwa zaidi: mashine imeona baba wa Asia na mama wa Afrika. Ilikuwa ndoa? Ilikuwa utumwa? Ilikuwa biashara iliyozaa undugu? Chembe hazisemi. Waliofanya utafiti walipofika hapo waligeukia mambo mengine: kwamba watoto walizungumza lugha ya mama, kwa kuwa Kiswahili ni cha Kibantu, kwamba katika miji mingi ya Waswahili nyumba ilikuwa ya mwanamke na mume ndiye aliyehamia. Wakasoma matokeo kwa taa hiyo, wakaona familia za kina mama wenye mamlaka waliowakaribisha wageni. Mimi nadhani wamesoma vizuri. Ila kusoma huko ni nadharia, na ndiyo iliyobeba maana yote. Ukiiondoa unabaki na asilimia. Asilimia bila maana ni za kurushiana matusi kwenye simu, na ndicho hasa tulichofanya.

Sasa mtu wa Vitengeni ataniuliza: haya ya Waswahili na Waajemi yananihusu nini mimi nisiye na jiwe wala porcelaini? Yanakuhusu, tena kwa hati ya shamba.

Ile nadharia ya kwamba pwani ina watu wa mji, wenye asili na historia, na watu wa nyika waliokuja juzi nyuma yao, haikukaa vitabuni. Hata jina tuliloitwa lilikuwa hilo, Wanyika, hadi tulipojiita Mijikenda. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi ya pwani. Aliyeweza kudai kwa utaratibu wao alipewa hati, na ardhi ambayo haikudaiwa hivyo ikawa ya Taji la Uingereza. Mijikenda wengi waliolima ukanda huo waliamka wakiwa maskwota. Mwaka 1914 Wagiriama wakaamriwa kuhama ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, na Agosti mwaka huo Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti. Sisemi Kirkman alileta hayo, yeye alikuja baadaye. Nasema alikuta nchi ambayo tayari ilikuwa imeamua nani ana historia, akachimba ndani ya uamuzi huo.

Kumbe nyuma ya pwani palikuwa na nini? Henry Mutoro, Mkenya, alipouliza swali hilo kuhusu kaya za Mijikenda katika tasnifu yake ya 1987, udongo ulianza kujibu. Richard Helm aliendelea miaka ya 1990. Bara ya Kilifi na Mombasa, kwenye vilima na mabonde haya tunayochunga mbuzi, walikuta vijiji vya wakulima wa milenia ya kwanza baada ya Kristo, na vyungu vyao ni ndugu wa vile vya tabaka za chini za miji ya pwani. Mji na nyika vilikuwa nyumba moja yenye milango miwili. Hakuna mashine mpya iliyogundua hilo. Walitembea mashambani, wakaokota vigae pale ambapo nadharia ya zamani ilisema hapana kitu.

Na tena nageuza mwiko kwetu. Sisi tunasimuliwa kwamba tulitoka Shungwaya, kaskazini, tukashuka karne kadhaa zilizopita tukajenga kaya. Vijiji hivi ni vya kale kuliko safari hiyo kama inavyohesabiwa kwa kawaida. Tufanye nini? Wapo watakaosema akiolojia imeua Shungwaya. Wapo watakaosema akiolojia iende zake. Wote wavivu. Swali zuri ni: Shungwaya ni aina gani ya maneno? Inawezekana ni kumbukumbu ya baadhi ya koo iliyokuja kuwa ya wote. Inawezekana ni mkataba, namna makabila tisa yalivyosema sisi ni wamoja. Ukishika jibu moja, utachimba mahali pamoja; ukishika jingine, utachimba pengine. Na anayebeba hadithi ya Shungwaya bila kuifikiria ajue kwamba inaweza kutumiwa dhidi yake: "si wenyewe mnasema mlitoka mbali?" Hilo nimelisikia likisemwa kwenye mzozo wa shamba, kwa sauti ya juu, na watu wetu wakanyamaza kwa sababu hawakuwa na nadharia ya kujibu. Walikuwa na hasira tu.

Chukua vigango pia. Kigango huwekwa kwa mzee wa Gohu, si kwa kila aliyekufa. Mtafiti wa karne zijazo akichimba mudzi wa Kigiriama, akihesabu vigango na kudhani amehesabu wafu, atasema hapa waliishi wanaume wachache matajiri bila wake wala watoto. Hesabu yake itakuwa sahihi kabisa. Maabara inaweza kukadiria umri wa mti wa kigango na kukutajia aina yake. Haiwezi kukwambia kwamba yule ni mtu, kwamba anapewa tembo, kwamba kumng'oa ni kuiacha familia wazi. Ndiyo maana viliibwa na kuuzwa, vikasimama kwenye kuta za majumba ya makumbusho Marekani vikiitwa sanaa. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa, na havikurudishwa na kipimo chochote cha maabara. Vilirudishwa kwa sababu watu walibishana kigango ni nini. Ubishi huo, rafiki yangu, ndio nadharia.

Wapo watakaoniambia Panga ya Saidi inanishinda. Pango lile liko hapa hapa Kilifi, na kwa wasiotujua, panga kwetu ni pango, si la kukatia kuni. Wachimbaji wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Ujerumani walikuta mifupa ya mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Matokeo yalitoka Mei 2021. Hiyo ni sayansi tupu, wanasema. Kaboni haifiki huko, inachoka kama miaka 50,000, kwa hivyo walipima mwanga uliohifadhiwa ndani ya punje za mchanga tangu zilipofunikwa na giza. Mifupa ilikuwa laini mno, ikafungwa kwa plasta ikiwa na udongo wake, ikapelekwa Nairobi, kisha Ujerumani, kisha Hispania. Nakubali, ni kazi ya ajabu, na navua kofia.

Ila kipimo cha mchanga kinasema lini. Nani alisema "alizikwa"? Mtoto anaweza kufa pangoni akafukiwa na vumbi. Ilibidi watu waamue kwanza kuzika ni nini: pawe na shimo lililochimbwa kwa makusudi, mwili uwekwe mzima, ufunikwe hapo hapo. Kisha wakatafuta alama za kila kimoja, wakazikuta. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa. Namna mifupa ya bega ilivyobanana, walisema huenda alifungwa kwa kitu, na namna kichwa kilivyoinama, huenda kilikuwa na mto uliooza. Kutoka bega lililobanana hadi sanda, kutoka sanda hadi huzuni, ni ngazi, na kila kipago chake ni nadharia. Naipanda ngazi hiyo kwa furaha. Ninachokataa ni mtu kuniambia amefika juu kwa lifti.

Pango lile watu wa karibu wameendelea kulitumia kwa ibada zao. Wao pia wana maswali juu ya mtoto, juu ya shimo, juu ya nani anazikwa pangoni na nani anazikwa nyumbani. Sijasikia swali lao likitangulia mashine. Wamekuwa wakipewa majibu kwenye warsha, na soda.

Kwa hivyo ninachodai hakihitaji bajeti ya Harvard. Mradi wowote unaokuja kuchimba Kilifi uje na swali lake limeandikwa kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, lisomwe barazani kabla jembe halijagusa udongo: mnatafuta nini, kwa nini hapa, mkikuta nini mtakubali mmekosea? Hilo la mwisho ndilo linalotenganisha sayansi na propaganda, na mzee yeyote wa kaya anaweza kuliuliza. Vyuo vyetu viache kufundisha nadharia kama majina ya makaburi. Mwanafunzi aingie shimoni akijua anapingana na nani. Nasi tunaoandika tuache kutafsiri vichwa vya habari. Ukiona "DNA yathibitisha", kaa nayo dakika tano. Mifupa ya nani? Kaburi lipi? Ililinganishwa na akina nani? Nani hakuchimbwa?

Mimi swali langu ninalo tayari, na nalitoa bure kwa yeyote mwenye mwiko. Kati ya Vitengeni na bahari kuna njia ambazo watu wamezipita na pembe, nafaka, sandarusi na watoto wao kwa muda mrefu kuliko gofu lolote lenye tiketi ya kuingilia. Gedi iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, na ni vyema. Sasa nataka kujua ilikula kutoka shamba la nani. Njooni mchimbe huku kwenye udongo, mtafute madoa ya nguzo. Na mkikuta kwamba nimekosea, semeni, nitaandika.